Inchi Tisa na Nusu za Nini?

Ukiuliza pezi la ubao mrefu katika duka la mbao za kupanda mawimbi huko California au Australia, jibu hutoka kabla hujamaliza swali: kila futi moja ya ubao, inchi moja ya pezi. Ubao wa futi 9 na inchi 6 upewe pezi la inchi 9.5, wa futi 7 upewe la inchi 7. Mteja analipa, anaenda zake. Kanuni hiyo si uongo, na asiyejua pa kuanzia humpa pa kuanzia. Lakini inasoma jalada na kukiacha kitabu. Namba ile inapima kimo tu, yaani kutoka tumbo la ubao hadi ncha ya pezi majini. Upana wa kitako haumo. Haisemi pezi limelala nyuma kiasi gani, ncha yake imekonda au ni butu, wala linaponepa linaanzia wapi kunepa. Na hayo ndiyo fani yenyewe.

Ubishi huu una umri sawa na pezi lenyewe. Mwaka 1935, Tom Blake alikuwa Waikiki, Hawaii, kwenye mbao ambazo hazikuwa na kitu chini. Mtu aliongoza kwa kuburuza mguu majini, na wimbi likisimama wima kidogo mkia ulichopoka ukaenda upande. Blake alichukua mkuku wa boti ya mashine iliyotupwa, akaubandika chini ya mkia. Kwa maelezo yaliyobaki, ulikuwa na urefu wa kama futi moja na kimo cha inchi 4 hivi. Kwa hesabu ya dukani, hilo ni pezi la ubao wa futi 4, ubao wa kitoto. Ila liliushika ubao mkubwa wa mtu mzima, tena likaushika vizuri, kwa sababu lilifanya kazi kimkuku: lilijilaza katika mstari wa safari, na maji yakakosa njia ya kuusukuma mkia kando. Lisichokitoa ni kugeuka. Ukilitazama umbo lake unaliona jambo hilo kabla ya kuingia majini. Hakuna sehemu iliyoshuka chini vya kutosha ili ubao uizunguke.

Mapezi ya miaka ya 1950 yalikuja na kosa jingine. Mengi yalikuwa na umbo la herufi D, mgongo wa nyuma umekatwa wima, tumbo la mbele limevimba, mbao nzito tupu. Yalishika kila kitu, hata pale mtu alipotaka yaachie. Siwezi kuyasifu, ingawa kuna watu wanayatundika ukutani kama picha.

Aliyeisoma fani hii upya ni George Greenough, kijana wa Santa Barbara aliyepanda mawimbi kwa magoti. Yeye aliangalia jodari na pomboo. Akaona kwamba kiungo cha kiumbe wa majini anayekwenda kasi hakina upana ule ule kutoka mzizi hadi ncha. Mzizi ni mpana na mgumu, kisha kinakonda na kulainika kadiri kinavyokwenda mbali na mwili. Umbo lake moja linauzwa hadi leo kwa jina la 4-A, na mantiki hiyo unaiona ukilishika tu.

Basi tuweke mezani mapezi mawili, yote yameandikwa 9.5. La kwanza limesimama wima, upana wake haupungui sana hadi ncha, na ncha yenyewe ni butu. La pili ni la ukoo wa Greenough, kitako kipana, kisha linakonda na kuinamia nyuma. Ukiyalaza moja juu ya jingine, kimo ni kile kile, lakini la kwanza limebeba eneo kubwa mbali na ubao. Eneo la mbali lina nguvu kuliko la karibu, kwa kuwa mkono wake wa wenzo ni mrefu zaidi. Kwa hiyo anayetembea hadi pua ya ubao akasimama pale, la kwanza humshikia mkia. Akirudi nyuma na kukanyaga, ubao huzunguka karibu pale pale. La pili halina papara hiyo. Eneo lake liko juu, karibu na ubao, na limesukumwa nyuma, hivyo mgeuko wake ni mrefu na wa duara, na ncha iliyonepa katikati ya mgeuko hunyooka mwishoni na kuusukuma ubao mbele. Mtu akihama kutoka hili kwenda lile kwa kufuata namba tu, ni kama amebadilishiwa ubao mzima.

Kuna jambo jingine ambalo kibandiko cha bei hakiandiki kabisa: unene. Pezi zuri la faibaglasi hukatwa kwenye bapa lililotengenezwa kwa matabaka mengi ya kitambaa cha kioo na rezini, kisha fundi hulisaga kuanzia katikati kwenda kingoni. Msasa unapopita kila tabaka, huacha mstari. Liinue juani uihesabu mistari hiyo. Ikiwa imefuatana kwa nafasi za utulivu, mviringo wa mbele ukawa mnono na wa nyuma ukaisha kwa makali, mkono uliolisaga ulijua kazi. Ikiwa imebanana upande mmoja na kutawanyika upande wa pili, liache. Pezi la pekee husimama katikati ya ubao na kutumikia kulia na kushoto, hivyo pande zake mbili lazima zilingane, tofauti na mapezi madogo ya pembeni ambayo kwa kawaida upande wao wa ndani huwa bapa.

Ushahidi wa wazi kwamba umbo hushinda kimo ulionekana San Diego mwaka 1966, kwenye mashindano ya dunia. Wengi walimtazamia David Nuuhiwa, bingwa wa kusimama puani. Nat Young wa Australia alikuja na ubao wa futi 9 na inchi 4, mwembamba kuliko kawaida ya siku zile, na chini yake pezi la mawazo ya Greenough, jembamba, lililoinamia nyuma. Akashinda kwa kugeuka. Kwa urefu, ubao wake haukuwa wa ajabu hata kidogo.

Kanuni ya futi na inchi naiacha pale inapostahili, mwanzoni. Mtu mwepesi apunguze kidogo, mzito au anayependa mawimbi makubwa aongeze. Ubao ukiongezewa mapezi mawili ya pembeni, la katikati hushuka hadi inchi 6 au 7, kwa kuwa kazi imegawanywa. Kisha kuna mfereji ambamo pezi hufungwa, aghalabu wa inchi 10 na nusu, ambao wengi wameusahau. Legeza skrubu, sogeza pezi mbele nusu inchi, na ubao mgumu hulegea. Lirudishe nyuma, nao hutulia kwenye mstari. Mara nyingi anayelalamika kwamba pezi lake ni kubwa mno amelifunga nyuma mno.

Kwa ubao ule wa futi 9 na inchi 6, mimi ningenunua la wima la inchi 9.5 ikiwa mwenyewe anataka kutembea hadi puani, na lililolala la inchi 9 tu ikiwa anapenda kukata mageuko marefu. Na kabla ya kulipa ningelishika kitako kwa mkono mmoja na kuisukuma ncha kwa kidole gumba. Lisiponepa hata kidogo, au likinepa kuanzia kitakoni, ningelirudisha kwenye ndoano yake.