Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kazi ya Mchoraji Henri Matisse

Liko neno lisemwalo mara nyingi mbele ya picha za wachoraji wa siku hizi, nalo ni hili: "Hata mtoto wangu aweza kuchora hivi." Wengi wamelisema juu ya Mfaransa Henri Matisse, aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 1869 na kufariki tarehe 3 Novemba 1954. Katika miaka yake ya mwisho alitengeneza picha za majani, ndege na watu, vyote vimekatwa kwa mkasi katika karatasi za rangi. Je, mtu huyu astahili heshima apewayo, au dunia imedanganyika? Jambo hili latuhusu sisi tunaosali katika makanisa yenye picha, maana kazi ambayo Matisse mwenyewe aliihesabu kuwa kuu kuliko zote alizofanya ni kanisa dogo la masista.

Hakulelewa kuwa mchoraji. Baba yake aliuza nafaka na mbegu katika Bohain, mji wa wafumaji, kaskazini ya Ufaransa. Kijana alisoma sheria, akawa karani wa wakili. Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi aliugua kidole tumbo, akalala kitandani siku nyingi. Ndipo mama yake alipompa sanduku la rangi, apate kujifurahisha. Tangu siku ile sheria haikumvuta tena. Mwaka 1905 picha zake na za rafiki zake zilionyeshwa Paris, na rangi zake zilikuwa kali hata mhakiki mmoja akawataja kuwa ni wanyama wa mwitu. Mwaka huo huo alimchora mkewe na mstari wa kijani katikati ya uso. Watu walicheka, walakini mstari ule wafanya kazi ya kivuli, ukiugawa uso upande wa nuru na upande wa giza. Huo ulikuwa mwanzo wa kujaribu kwake: kuiacha rangi ifanye kazi iliyofanywa zamani na kivuli.

Mwaka 1930 tajiri wa Marekani, Albert Barnes, alimwomba ampambie ukuta wa nyumba yake ya picha huko Merion. Matisse alikata karatasi za rangi, akazisogeza huku na huku ili aone kila umbo likae wapi. Alipokuwa amefika mbali iligunduliwa kwamba vipimo vya ukuta vilikosewa. Alianza upya, akamaliza mwaka 1933. Tena mwaka 1935, alipokuwa akichora mwanamke aliyelala, aliamuru kazi ipigwe picha kwa kamera hatua kwa hatua, na picha hizo zapita 20. Mtu akizitazama kwa utaratibu aona jinsi alivyoondoa hiki na kubadili kile, mpaka yakabaki yale yasiyoweza kuondolewa. Basi, wepesi tunaouona sisi ni wa mwisho wa safari, mwanzoni haukuwapo.

Mwezi wa Januari 1941 alipasuliwa tumbo huko Lyon kwa sababu ya saratani. Alipona kwa shida, hata masista waliomwuguza wakamwita aliyefufuka. Lakini tangu hapo kusimama kulimchosha, na kazi nyingi alizifanya kitandani au katika kiti cha magurudumu. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akazikata kwa mkasi mkubwa, kisha vipande vikapigwa pini ukutani na kuhamishwa mpaka aridhike. Katika ukuta wa chumba chake zilitundikwa nguo za Wakuba wa Kasai, katika Kongo, zilizofumwa na wanaume kwa nyuzi za majani ya miwale na kutariziwa na wanawake. Katika nguo hizo nakshi hujirudia, kisha hukatika na kugeuka ghafula, wala jicho halichoki. Matisse alizitazama kama mwanafunzi atazamavyo ubao.

Sasa tuje kwenye kanisa lenyewe. Mwaka 1942, huko Nice, msichana aliyeitwa Monique Bourgeois alimwuguza Matisse usiku. Baadaye msichana huyo aliingia utawa wa Mtakatifu Dominiko, akaitwa Sista Jacques-Marie. Walikutana tena Vence, mji mdogo wa vilima, ambako masista walikuwa na nyumba ya kuwatunza wagonjwa, nao walitamani kanisa la kusalia. Sista alimwonyesha mzee mchoro wake wa dirisha. Kwa shukrani ya kuuguzwa, Matisse aliikubali kazi yote: madirisha, kuta, altare, hata mavazi ya Misa. Ilimchukua miaka minne. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 1949, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Juni 1951. Siku hiyo yeye alikuwa mgonjwa, hakuweza kufika.

Madirisha yana rangi tatu tu: manjano, kijani na buluu. Kuta ni vigae vyeupe vyenye mistari myeusi, aliyoichora kwanza kwa mkaa uliofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Jua likipita katika vioo, rangi huanguka juu ya weupe ule na kutembea pamoja na saa za mchana. Mama Maria amemshika Mtoto aliyenyosha mikono kama msalaba. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba vimewekwa pamoja katika ukuta mmoja, kila kimoja na nambari yake. Njia yaanza chini, yapinda, yapanda mpaka Msalaba ulio juu.

Hapa lawama ina haki yake. Mistari ya ukuta ule ni mikali, karibu haina uzuri, na watu hawana nyuso. Asiyejua habari za Mateso hatafundishwa na ukuta ule. Lakini haukufanywa kwa ajili yake. Ulifanywa kwa wale waijuao njia hiyo kwa moyo na kuisali. Tena katika kitambaa cha Veronika, mahali pamoja tu, umechorwa uso kamili, nao ni wa Bwana. Aliyekwisha kupita nyuso tupu akaufikia uso huo hawezi kusema kwamba fundi hakufikiri.

Wako wanaouliza: mtu asiyekuwa na desturi ya kwenda kanisani awezaje kujenga nyumba ya sala? Yasimuliwa kwamba hata Picasso, rafiki yake, alimdhihaki, akimwuliza kwa nini asijenge soko. Mimi naona kwamba sala ya masista wale haikutegemea imani ya mjenzi, bali uaminifu wa kazi yake. Na uaminifu huo waonekana katika kila kigae.

Wengine hukumbusha kwamba mwaka 1961, katika nyumba ya makumbusho ya New York, picha yake ya mashua ilitundikwa juu chini kwa siku 47 kabla ya kosa kutambuliwa. Ni kweli, na kicheko chafaa. Lakini kosa lile lilikuwa la watundikaji na la watazamaji waliopita bila kutazama. Mmoja aliyetazama vema ndiye aliyeligundua.

Basi, tunapochagua picha ya kutia kanisani, tusiulize kwanza kama ina nyuzi za dhahabu na mikunjo mingi. Tuulize kama fundi alijitaabisha kuondoa yasiyofaa, na kama yaliyobaki yatusaidia kusimama kimya mbele za Mungu. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu aliwapa masista wachache ukuta mweupe na nuru ya jua, na hadi leo watu wa nchi nyingi hupanda kilima kile kuitazama.