Karatasi ya Mhandisi Husomwa Kuanzia Kileleni

Programu ya kompyuta hutoa jibu hata kwa jengo lililochorwa vibaya. Ndiyo maana karatasi moja ya hesabu za mkono bado ina heshima miongoni mwa wahandisi wa maghorofa. Lakini karatasi nzuri ni ipi?

Mjuzi haanzi na desimali. Huanza na kilele. Upepo ukivuma, ukuta wa lifti ulio peke yake hupinda kama mlingoti, ukizidi kuinama kadiri unavyopanda. Fremu ya nguzo na mihimili ina tabia tofauti: ghorofa za chini ndizo huinama zaidi, za juu kidogo tu. Sakafu zikivifunga pamoja, chini ukuta huizuia fremu, na juu fremu huurudisha ukuta. Karibu na paa, fremu hubeba nguvu ya mkato inayozidi hata ile ya upepo, kwa kuwa ukuta nao unaisukuma. Karatasi iliyogawa mzigo kwa asilimia ileile kutoka msingi hadi paa haikulielewa jengo, hata ikipambwa kwa grafu.

Mwingiliano huo Fazlur Khan na John Sbarounis waliuwekea chati za kukokotoa mwaka 1964. Mwaka 1973 Heidebrecht na Stafford Smith walitoa fomula ambamo namba moja, alfa-H, hueleza nani anatawala: ikiwa ndogo ni ukuta, ikiwa kubwa ni fremu.

Hapo ndipo uzembe hujificha. Chukua jengo la mita 60, ghorofa za mita 3, lenye ukuta mmoja wa zege wa mita 8 kwa sentimita 30. Kila ghorofa ina nguzo 12 za sentimita 50 kwa 50 na mihimili 10 ya mita 6, upana sentimita 30 na kina 60. Alfa-H ni kama 2.7. Mvivu akidhani mihimili haipindi kamwe, inaruka hadi 4.8, na fremu inasifiwa kwa nguvu isiyo nayo.

Kisha tafuta mipaka iliyokiriwa. Fomula hizi hudai ukuta na fremu visibadilike sana kutoka chini hadi juu. Ukuta ukikatizwa ghorofa ya tano ili kupisha ukumbi chini yake, mhandisi makini huandika hivyo mwanzoni kabisa, kisha huhamia kwenye modeli kamili.