Nimeuona Ukuta wa Haki Kibera, Nanyi Nendeni

Nimeuona! Picha zilianza kuzunguka kwenye simu Jumatano, Juni 3, 2020, na kabla sijamaliza kuzitazama nilikuwa nimeshashika njia ya mtaa wa Kibera, Nairobi. Niseme mapema: huu ndio mchoro wa ukutani ulionishika zaidi mwaka huo wa 2020, na mwaka huo kuta za Nairobi hazikulala hata kidogo.

Ni uso wa George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyekufa Mei 25 kule Minneapolis, goti la polisi likiwa shingoni mwake. Pamoja na uso, neno moja: Haki. Basi! Mchoraji ni Allan Mwangi, anayejiita Mr. Detail.Seven, na jamani, jina hilo analistahili.

Simama pale uutazame vizuri. Kwa wachoraji wa kuta, uso wa mtu ndio mtihani. Herufi ikikosewa inapakwa upya na maisha yanaendelea, lakini jicho likienda upande kidogo tu, umeshachora mtu mwingine. Tena mchoraji anafanya kazi ameukaribia ukuta mno kiasi kwamba anayoyaona ni madoa na mistari, si uso. Inabidi arudi nyuma, atazame, arudi tena, huku watu wakipita, watoto wakiuliza maswali na jua likimchoma kisogo. Sasa fikiria kuyafanya hayo yote ukimchora mtu ambaye dunia nzima ilikuwa imeikariri sura yake wiki ile. Hakuna pa kujificha. Naye amempata! Unamtambua hata kabla ya kusoma lile neno.

Na kasi yake! Siku tisa tangu mtu afe ng'ambo ya Atlantiki, uso wake ulikuwa Kibera. Ni nani mwingine mjini aliyeijibu habari hii kwa upesi huo, mahali ambapo muuza mboga na fundi wa viatu wataiona bila kununua gazeti wala bando?

Wapo wanaouliza kwa nini achorwe Mmarekani wakati wa kwetu wapo. Ni swali zito. Mwaka huo, tangu kafyu ya korona ianze mwezi Machi, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema ilikuwa imepokea malalamishi 87, na vifo 15 vilikuwa vimehusishwa na polisi. Mmoja wa waliouawa ni mtoto wa miaka 13, aliyepigwa risasi akiwa roshani kwao Kiamaiko. Mimi nasema anayeupita ukuta huu Kibera hafikirii Minneapolis peke yake. Anawafikiria hawa. Ndiyo maana watu wanasimama. Lakini nawaunga mkono wanaouliza: nataka kumwona mtoto wa Kiamaiko naye akichorwa kwa ukubwa.

Kibera si mgeni wa mambo haya. Mapema mwaka 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, mchoraji Solo7 wa kundi la Maasai Mbili alitembea na rangi yake akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, mageti na vibanda, mahali ambapo majirani walikuwa wakichomeana nyumba. Wakati huohuo reli inayopita katikati ya mtaa iling'olewa na vijana wenye hasira. Miaka mitano baadaye, uchaguzi wa Machi 2013 ukikaribia, wachoraji Swift9, Bankslave na Uhuru B wakapewa ruhusa ya kuchora treni ya abiria inayopita juu ya reli hiyohiyo, mabehewa yakabeba ujumbe wa amani. Ruhusa ya kuchora treni, Kenya hii! Bado nikiifikiria nasisimka. Na katikati ya hayo, mwaka 2012, kulikuwa na wale tumbusi wa Mtaa wa Muindi Mbingu, wanasiasa waliochorwa kama ndege hao, kazi iliyoratibiwa na mwanaharakati Boniface Mwangi.

Mwaka 2020 virusi vya korona vilipoingia, wachoraji hawakungoja kuitwa. Kule Mathare, vijana wa Mathare Roots walikuwa kwenye kuta tangu Aprili wakionya kwamba ugonjwa ni wa kweli. Tangazo la serikali huandikwa na mtu asiyepanga foleni ya maji na wewe. Hawa wanapanga. Ndiyo maana nawaamini zaidi, na sioni haya kulisema.

Hofu yangu ni moja tu: rangi haidumu. Jua litaufifisha ukuta huu, mvua itaumenya, au mwenye biashara atakuja na tangazo lake juu yake. Mwenye ukuta ule, tafadhali, uache. Nawe msomaji uliye Nairobi, nenda. Ukiupiga picha na kuisambaza, andika jina la mchoraji. Na mtaani kwenu ukimkuta kijana ameshika rangi mbele ya ukuta mtupu, usimwulize kibali kwanza. Mwulize amebakiwa na rangi kiasi gani, umwongezee kopo.