Kibao Kinachojua Lugha Yako: Uhakiki wa Misimbo ya QR ya Mji wa Monmouth

Katika toleo hili, ndugu msomaji, ninaomba nafasi ya kuhakiki matini ambazo kwa kawaida hazihakikiwi na walimu wa lugha. Si riwaya wala si diwani. Ni yale maandishi anayoyapata mtalii anapoelekeza kamera ya simu yake kwenye kimraba cheusi na cheupe kilichobandikwa mlangoni pa makumbusho, ukutani pa kanisa la kale au kwenye nguzo ya daraja. Aghalabu vimraba hivi tunavihesabu kuwa ni teknolojia, tukawaachia wenzetu wa kompyuta na wale wa utalii. Hoja yangu ni kwamba nusu ya kazi yenyewe ni ya lugha, na nusu hiyo ndiyo inayofanywa ovyo.

Kwanza tulimalize suala la istilahi. Wako wanaosema "kodi ya QR". Sioni sababu ya kulitwika neno kodi mzigo mwingine ilhali tayari linatudai ushuru wa serikali na pango la nyumba. Neno msimbo tunalo, na kwa kuwa tumekwisha kuuzoea msimbopau wa bidhaa za dukani, msimbo wa QR hautamshangaza mtu. Ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Mtalii hakuwamo katika hesabu. Lakini una sifa inayomfaa sana: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha usahihishaji, husomeka hata kama takriban asilimia 30 ya alama zake zimeharibika. Kibao kinachopigwa jua na mvua mwaka mzima hakihitaji kingine.

Sasa tuje Monmouth. Huu ni mji mdogo wa Wales, nchi iliyomo katika Ufalme wa Muungano, wenye wakazi wapatao 10,000. Mnamo tarehe 19 Mei 2012 ulizindua mpango ulioitwa Monmouthpedia, ukajitangaza kuwa mji wa kwanza wa Wikipedia duniani. Zaidi ya misimbo 1,000 iliwekwa kwenye majengo, madukani, shuleni na katika makumbusho, mingine ikiwa imechapwa kwenye vigae vya kauri ili idumu. Mji ulitandaziwa intaneti isiyolipiwa, jambo ambalo waigaji wengi hulisahau: mgeni asiye na mtandao mbele ya msimbo ni sawa na mgeni aliyekabidhiwa barua iliyofungwa kwa gundi.

Misimbo hiyo ilitumia mfumo wa QRpedia, uliobuniwa na Roger Bamkin na kuandikiwa programu na Terence Eden, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011 katika makumbusho ya mji wa Derby huko Uingereza. Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kusogeza kiti karibu. Msimbo wa kawaida humpeleka kila mtu kwenye ukurasa uleule. Wa QRpedia huiuliza simu kwanza: mwenyewe amekuweka katika lugha gani? Simu ikijibu Kijerumani, mgeni huletewa makala ya Wikipedia ya Kijerumani kuhusu kitu kilicho mbele yake. Ikijibu Kiwelisi, huletewa ya Kiwelisi, na katika nchi ambayo hata vibao vya barabarani huandikwa kwa lugha mbili, hilo si jambo dogo. Kibao ni kimoja, lugha ni nyingi, na makumbusho haikulazimika kuajiri mfasiri hata mmoja.

Ninaisifu fikra hii bila kusita. Watalii wengi duniani wamezoea kukutana na lugha ya mwenye pesa na Kiingereza, basi. Kumfanya mgeni asihitaji hata kuomba lugha yake ni adabu ya hali ya juu.

Hata hivyo, sifa hiyo ina masharti. Mfumo huu hautafsiri. Unachagua tu kati ya vilivyokwisha kuandikwa. Chukua mgeni ambaye simu yake imewekwa katika Kiswahili, amesimama juu ya daraja la Monnow, lile la karne ya 13 ambalo mnara wake wa lango umejengwa katikati ya daraja lenyewe, la namna hiyo pekee lililobaki katika kisiwa cha Britania. Anaelekeza kamera. Kama hakuna aliyeliandika daraja hilo kwa Kiswahili, mfumo ulipangwa umwonyeshe orodha ya lugha nyingine achague, au umpe tafsiri ya mashine. Kwa maneno mengine, kibao kinamjua kuwa ni Mswahili, kisha kinamwambia kwa upole kwamba Waswahili hawajafika hapa. Lawama hiyo haiwezi kuangukia Monmouth. Watu wa Monmouth waliweka mlango. Chumba kilicho nyuma ya mlango ni cha wenye lugha kukijaza.

Kasoro ya pili ni ya kiutanzu, nayo haijazungumzwa vya kutosha. Makala ya ensaiklopidia huandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbali. Kwa hiyo huanza kwa kueleza kitu kilipo: daraja hili liko katika mji fulani, juu ya mto fulani, lilijengwa karne fulani. Huyo mgeni yuko juu ya daraja! Mto anausikia. Anachokitaka ni kuelekezwa jicho: tazama matao yale, uliza kwa nini lango limekaa juu ya maji badala ya kukaa ukingoni. Vivyo hivyo na sanamu ya Charles Rolls, mmoja wa waasisi wa Rolls-Royce, katika uwanja wa mji huo. Ameshika kielelezo cha ndege, naye alifariki mwaka 1910 kwa ajali ya ndege. Msomaji wa mbali anataka tarehe ya kuzaliwa, wazazi na shule. Aliyesimama chini ya sanamu anataka kujua ile ndege mkononi. Matini ileile haiwezi kuwahudumia wote wawili kwa usawa, na Monmouth ilichagua kumhudumia wa mbali, kwa kuwa makala za namna hiyo ndizo zilizokuwapo.

Jiji la Rio de Janeiro lilifuata njia nyingine Januari 2013. Huko Arpoador msimbo ulitengenezwa kwa mawe meusi na meupe ya njiani, ufundi uleule wa Kireno uliozipamba njia za miguu za jiji hilo miaka mingi, na ukurasa wake ukawa wa Kireno, Kihispania na Kiingereza. Lugha tatu tu, lakini ziliandikwa kwa ajili ya mahali pale. Kwa sura, msimbo wa Rio unakishinda kigae chochote cha kauri. Unaonekana umezaliwa pale. Kwa wingi wa lugha, Monmouth inashinda mbali. Sijaona bado mahali palipounganisha mawili haya.

Na hapa kwetu Uganda? Muhula uliopita niliwachukua wanafunzi kutazama makumbusho moja, ambayo sitaitaja. Karibu na ngoma palikuwa na msimbo mzuri, umewekwa kioo. Mwanafunzi mmoja alitoa simu, akangoja, bando likapungua, kisha akaniambia, "Mwalimu, hapa pamehamwa." Anwani ya ukurasa ilikuwa imekwisha muda na hakuna aliyeilipia. Mlezi wa chumba kile, mzee mwenye sauti ya chini, alikuwa ameketi hatua nne kutoka pale akiijua ngoma ile kwa jina. Tulimwamkia, naye akatueleza kwa muda wa nusu saa, nusu Kiganda na nusu Kiswahili cha zamani cha jeshini. Tangu siku hiyo sikubaliani na wanaouuza msimbo kama badala ya mwongozaji. Stika haijui kama umeelewa.

Kuhusu lugha, visingizio vyetu vimepungua. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wake. Wageni kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo wanaingia kila siku. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003 na ina makala makumi ya maelfu, ingawa nyingi ni fupi mno. Itakumbukwa pia kwamba mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la kuiandikia, likiwahusisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka, ila shindano huisha siku zawadi zinapotolewa, na makala isiyo na mlezi huanza kuzeeka siku hiyohiyo. Kazi hii haihitaji shindano, inahitaji silabasi. Tunawafundisha wanafunzi insha ya hoja, barua rasmi, kumbukumbu za mkutano. Matini ya kibao, inayosomwa na mtu aliyesimama, jua likimwakia mgongoni na mtoto akimvuta mkono, hatuifundishi popote.

Nimeanza kulijaribu hilo na darasa la mwaka wa tatu. Nimewapa makaburi ya Kasubi, walikolazwa Makabaka wanne wa Buganda, jengo lililoteketea kwa moto Machi 2010, likajengwa upya na kuondolewa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Sikuyachagua kwa bahati: wa kwanza kulazwa pale ni Muteesa I, aliyekijua Kiswahili na kukitumia na wageni wake wa kutoka pwani. Itakuwa ajabu Mswahili wa leo afike mlangoni pake asikute neno la kumkaribisha. Sharti lilikuwa maneno 120, yasizidi.

Rasimu za kwanza karibu zote zilianza, "Makaburi ya Kasubi yanapatikana katika jiji la Kampala nchini Uganda." Nilizirudisha zote na swali moja pembeni: msomaji wako yuko wapi? Wiki iliyofuata msichana mmoja alileta karatasi iliyoanza hivi: "Ukishavua viatu, tazama juu. Hesabu pete za paa. Ni 52, na kila moja ina ukoo wake."