Ufundi wa Mzee Ruksa

Dar es Salaam humkumbuka Ali Hassan Mwinyi kwa maduka yaliyojaa tena baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni. Nyamigogo na vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo vina sababu nyingine ya kumkumbuka, nayo ni Rwanda. Mimi nikitaka kuutazama ufundi wake wa siasa, huanzia huku.

Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, mwaka 1925, akakulia Unguja, akawa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Ualimu haukumtoka. Mazungumzo ya serikali ya Rais Habyarimana wa Rwanda na waasi wa RPF yalipoanza Arusha katikati ya 1992, msuluhishi alikuwa yeye, akiwa Rais wa Tanzania, lakini kazi ya kila siku mezani aliiacha mikononi mwa Balozi Ami Mpungwe na wenzake. Wakubwa wengi hawaliwezi hilo, hupenda picha. Rais aliyejichosha kwa kila kikao hana tena uzito wa kutia siku mambo yanapokwama, na Arusha yalikwama mara nyingi. Wajumbe walipita kwenye utawala wa sheria, mgawanyo wa madaraka na haki ya wakimbizi kurudi kwao, wakafika kwenye jeshi. Hapo maneno mazuri hayakusaidia kitu, ikabidi wakae kwenye hesabu: askari 60 wa serikali kwa 40 wa RPF, na ngazi ya makamanda nusu kwa nusu. Agosti 4, 1993 pande zote mbili zikatia saini, naye akiwepo.

Kazi safi, ila waliotia saini hawakuwa ndio wote wenye bunduki na mapanga. Aprili 6, 1994 Mwinyi aliwaita viongozi wa kanda Dar es Salaam, Habyarimana akabanwa tena atekeleze alichokubali. Usiku huohuo ndege yake ikatunguliwa Kigali, akafa pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi.

Mauaji yakaenea Rwanda, na Aprili 28 na 29 daraja la Rusumo mpakani likapitisha watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 kwa muda wa siku moja tu. Walipokelewa. Benako, mahali palipobaki na jina la kampuni iliyojenga barabara, pakawa mji wa maturubai. Wageni wakawazidi wenyeji wa Ngara kwa wingi, miti ikaisha kwa kuni, na humo kambini wauaji wakachanganyika na mama na watoto. Machi 31, 1995 serikali yake ikafunga mpaka. Mtu aliyeitwa Mzee Ruksa akalazimika kusema basi. Wapo waliomlaumu, na sitasema hawakuwa na hoja. Waliobaki ng'ambo walikuwa watu pia. Lakini mwenyeji wa huku aliyekwishakata mti wake wa mwisho naye alikuwa na rais wake.

Mamlaka ya kuwaketisha mahasimu hayakumjia kwa cheo pekee. Mwanzoni mwa 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ilibainika kwamba watuhumiwa wa mauaji ya kishirikina Mwanza na Shinyanga walikuwa wameteswa na vyombo vya dola, wengine hadi kufa. Yeye hakuwa amemgusa mtu. Akamwandikia Nyerere kujiuzulu, kwa kuwa waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake. Akapelekwa ubalozi Misri. 

Yule aliyeacha uwaziri bila kusukumwa ndiye aliyetafutwa kuiongoza Zanzibar hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka huko mwanzoni mwa 1984 na Rais Aboud Jumbe akaachia ngazi. Mwaka uliofuata, Novemba, akaapishwa kuongoza Muungano.