"Kimbia" na "Kimbilia": Uhakiki wa Tafsiri ya Maonyo ya Barabarani

Mikese ni kituo cha reli na cha barabara, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro. Malori ya mafuta yatokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, Iringa, Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Tarehe 10 Agosti 2019 lori moja la namna hiyo lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu waliokwenda kuchota mafuta yaliyomwagika waliungua, na zaidi ya 100 wakafa. Kwa wakazi wa njia ile, tangazo la usalama si karatasi tu.

Kwa hiyo, tulipoletewa kijikaratasi cha maonyo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, tulikwenda nacho Mikese tukakisoma kwa sauti mbele ya baadhi ya wakazi kabla ya kukitolea maoni. Ofisi iliyokiandaa hatutaitaja, kwani makosa yaliyomo si yake peke yake. Ni makosa yanayopatikana katika fomu, mikataba na barua nyingi za serikali, na baadhi yake yametoka mikononi mwetu sisi wenyewe.

Onyo la kwanza lilisema: "Kimbilia mbali kutoka kwa lori la mafuta." Mzee mmoja alituuliza: "Wanangu, mnatwambia tulikimbilie lori au tulikimbie?" Tulimjibu kwamba makusudi ni kulikimbia. "Basi semeni 'Likimbieni,'" akasema, "maana mwenye hofu hasikii sentensi nzima."

Swali hilo ndilo kiini cha uhakiki huu. Katika Kiingereza kitenzi "run" hakibadiliki. Mwelekeo wa tendo huonyeshwa na kihusishi kinachofuata, kama vile "from" au "to", kisha hufuata jina au kiwakilishi. Katika Kiswahili uhusiano huo aghalabu hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. Kumkimbia mtu ni kumwepuka. Kumkimbilia ni kumwendea kwa mbio. Vivyo hivyo, aliyehama Mikese ametoka, na aliyehamia Mikese ameingia. Mfasiri aliyekwisha kuiandika "run" kuwa "kimbia", kisha akaanza kutafuta neno jingine la kuwakilisha "from", amekwisha kupotea njia. Na katika onyo hili amefika mahali pabaya zaidi, kwa sababu masikioni mwa mtu aliye mbali na kipaza sauti yaweza kubaki maneno mawili tu: "kimbilia" na "lori".

Kosa la pili lilikuwa katika hati nyingine tuliyoletewa pamoja na hiyo, nayo ni mkataba wa ununuzi wa mazao. Asili yake ya Kiingereza ilisema kuwa mnunuzi atalipa ushuru badala ya mkulima, na kihusishi kilichotumika ni "for". Mfasiri aliandika: "Ushuru utalipwa kwa mkulima na mnunuzi." Msomaji wa Kiswahili hawezi kuifahamu sentensi hiyo ila kwa maana moja, kwamba mkulima ndiye atakayepokea ushuru. Ilitosha kuandika: "Mnunuzi atamlipia mkulima ushuru." Tofauti ya kumlipa mtu na kumlipia si pambo la lugha, ni tofauti ya fedha kuingia mfukoni mwake au kwenda kwingine kwa faida yake. Hali ni hiyo hiyo kwa kumwomba na kumwombea, kumnunua na kumnunulia, kumwandika na kumwandikia. Karani aliyeagizwa kuwaandika wanakijiji akawaandikia, hakufanya kazi aliyotumwa.

Kosa la tatu lahusu mahali pa yambwa. Kitenzi cha Kiingereza kama "give" huweza kufuatwa na vitu viwili, yaani kinachotolewa na anayepewa, na mpangilio wake huweza kugeuzwa kwa msaada wa "to". Kitenzi cha Kiswahili sanifu hupokea kiambishi kimoja tu cha yambwa, na panapokuwa na mpewaji, kiambishi hicho huwa chake: "Mpe barua", "Niletee fomu". Katika kauli ya kutendwa vilevile, mpewaji ndiye awaye kiima. Kwa hiyo "Barua hii ipewe kwa Mwenyekiti", sentensi tuionayo mara kwa mara katika majalada, haina msingi. Tuseme: "Mwenyekiti apewe barua hii."

Hata hivyo yafaa tujihadhari tusije tukatoka katika kosa moja na kuingia katika jingine. Kwanza, si kila kihusishi cha Kiingereza kinadai kauli ya kutendea. Vitenzi "subiri", "tafuta", "tazama" na "sikiliza" vimekamilika, ijapokuwa wenzao wa Kiingereza hawendi bila ya "for", "at" au "to". "Nisubiri" yatosha, "subiri kwa ajili yangu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Pili, "kwa" ni neno letu na lina kazi zake: twakata kwa kisu, twaenda kwa mjomba. Tatu, kauli ya kutendea yenyewe ina utata wake. Mtu akisema "Aliniuzia ng'ombe", hatujui kama mimi ndiye niliyemnunua ng'ombe huyo au kama ng'ombe alikuwa wangu naye akaniuzia kwa mtu mwingine. Na aliyemwibia mtu amemdhuru, hakumsaidia, ingawa kinyambulisho ni kile kile. Katika hati ya kisheria, basi, "kwa niaba ya" yaweza kuwa na nafasi yake. Tunachokataa ni kuyatumia maneno hayo kwa sababu tu Kiingereza kimetangulia kuwa na kihusishi mahali hapo.

Chanzo cha makosa haya kimo pia katika mafundisho. Bibi E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, aliiita kauli hii kwa jina litokanalo na vihusishi. Kwa mwanafunzi Mwingereza jina hilo lilikuwa msaada, kwani lilimwonyesha mahali pa kuviweka vihusishi vyake. Kwa mfasiri Mwafrika jina hilo lina hatari ya kumfanya aitazame lugha yake kwa jicho la mgeni. Jina "kauli ya kutendea" ni bora, kwa kuwa laeleza jambo kwa mfano wake lenyewe. Tena jambo hili si la Kiswahili peke yake. Lugha za Kibantu kwa jumla zina kinyambulisho cha namna hii, na Kiluguru kimo. Mzee wa Mikese hakuhitaji kitabu cha sarufi ili alione kosa.

Lawama kubwa, hata hivyo, twapaswa kuibeba sisi tunaoshughulika na istilahi. Orodha zetu zimejaa majina. Na pale tunapoweka kitenzi, twakiweka kikiwa peke yake, "pay" upande huu na "lipa" upande ule, kana kwamba kazi imekwisha. Mfasiri akutanapo na "pay for" huachwa atafute njia mwenyewe. Twapendekeza kwamba kila kitenzi kiingiacho katika orodha kiandikwe pamoja na yambwa yake na kauli yake: "kumlipa mtu", "kulipia kitu", "kumlipia mtu kitu". Walimu nao wawazoeze wanafunzi kufasiri sentensi nzima, wala si neno moja moja. Na maonyo yahusuyo uhai yasomwe kwa sauti mbele ya wale yanaowahusu kabla hayajapigwa chapa.

Kijikaratasi kile tumekirudisha kwa wenyewe, na sentensi yake ya kwanza sasa ni hii: "Lori la mafuta likipinduka, likimbieni, msilikimbilie." Ni maneno sita tu yasiyo na kihusishi hata kimoja, na mzee wetu aliposomewa hakuuliza swali.