Mary Wollstonecraft na Mipaka ya Usawa wa Kibwanyenye

Nadharia haipimwi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Hapana budi tuulize: inamsemea nani, na inamwacha nani nje? Swali hili lafaa kuulizwa juu ya Zama za Mwangaza za karne ya 18, wakati wanafalsafa wa Ulaya walipotangaza kwamba msingi wa haki ni akili, si nasaba.

Tangazo hilo lilimwacha mwanamke mlangoni. Rousseau, mtetezi wa uhuru, aliandika katika Emile (1762) kwamba msichana alelewe ili ampendeze mwanamume. Mwaka 1792 Mwingereza Mary Wollstonecraft, aliyewahi kuajiriwa kufundisha watoto wa makabaila, alimjibu katika A Vindication of the Rights of Woman. Alisema hivi: ikiwa akili ndiyo kipimo, na mwanamke anayo, basi anayemnyima haki ni dhalimu kama mfalme. Udhaifu wake hautokani na maumbile bali na malezi. Hoja hiyo ilikuwa ya kimapinduzi.

Hata hivyo, mwandishi mwenyewe anakiri kwamba anawaelekea zaidi wanawake wa tabaka la kati. Mama anayemsifu ana mtumishi wa kike wa kumwondolea kazi duni za nyumbani. Katika shule anazozipendekeza, watoto wa tajiri na wa maskini wangesoma pamoja hadi umri wa miaka 9. Baada ya hapo, waliokusudiwa utumishi au ufundi wangetengwa, na wenye vipaji au mali wangeendelea na lugha, sayansi na siasa. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa jinsia ulifungwa tena kwa tabaka.

Wala jinsia peke yake haikuamua msimamo wa mtu. Hannah More, mwanamke mwandishi wa wakati huohuo, alikataa hata kukisoma kitabu hicho. Shule zake za Jumapili huko Mendip, zilizoanza mwaka 1789, ziliwafundisha maskini kusoma, lakini si kuandika. Maskini alitakiwa apokee mafundisho, asitoe yake.

Wapo watakaosema kwamba tunamwonea Wollstonecraft kwa kumpima kwa kipimo cha leo. La hasha! Kipimo ni chake mwenyewe. Katika riwaya yake Maria, ambayo hakuimaliza kabla ya kufa mwaka 1797, na ikachapishwa mwaka 1798, anampa nafasi ya kusema Jemima: mtumishi aliyenajisiwa na bwana wake, akafukuzwa, akahangaika mitaani. Maria, mke wa bwanyenye aliyefungiwa na mumewe katika nyumba ya wendawazimu, anamsikiliza. Wanapotoka, Jemima anakubali kukaa naye kwa sharti moja: awe mtunza nyumba mwenye ujira wake wa kawaida.

Hapo mtumishi amemfundisha mwandishi. Jemima anajua kwamba urafiki usio na ujira unaweza kuwa utumwa wenye jina zuri. Kwa maoni yetu, sharti hilo linazidi kwa uzito sura nyingi za kitabu cha mwaka 1792, na kila anayehubiri ukombozi wa mwanamke hana budi kulizingatia. Haki za mwanamke zikitangazwa ukumbini, tumuulize kwanza yule aliyeko jikoni: je, zimemfikia?